GIS kwa wanahistoria: kazi iko kwenye jedwali kabla ya kufika kwenye ramani

Matangazo ya mafunzo ya GIS (mfumo wa kompyuta wa kuweka taarifa kwenye ramani na kuzichambua) kwa watafiti wa historia yanafanana sana. Utaona ramani ya kale iliyolazwa juu ya picha ya setilaiti, rangi zinazokolea na kufifia, na ahadi kwamba kozi ikiisha mshiriki ataweza kutengeneza ramani zake mwenyewe. Ahadi si ya uongo, kwa sababu kubofya kunajifunzika kwa siku chache. Shida huanza wiki inayofuata, mtafiti anaporudi kwenye nyaraka zake na kukuta hakuna hata moja inayofanana na data safi aliyofanyia mazoezi darasani.

Wengi huishia hapo, wakijiambia kwamba mambo ya kompyuta hawayawezi. Ukichunguza, kompyuta wanaiweza. Hawakufundishwa namna ya kuuchukua ushahidi wa kihistoria, wenye mapengo, majina yanayobadilika na tarehe za kukisia, na kuuingiza kwenye programu bila kuupotosha. Sehemu hiyo kozi nyingi huipitia juu juu, ingawa ndiyo inayokula muda mwingi kuliko zote. Ramani huja mwishoni, na mara nyingi huja upesi.

Kifaa chenyewe

Mfumo wa taarifa za kijiografia, au GIS kama unavyojulikana, ni jedwali ambalo kila kilichomo kina mahali pake juu ya uso wa dunia. Kisima kinakuwa nukta, barabara inakuwa mstari, wilaya inakuwa poligoni, yaani umbo lililozungushiwa mipaka. Ukibofya nukta unasoma maelezo yake. Ukiyachuja maelezo, nukta zisizohusika zinatoweka. Data za aina hiyo huitwa vekta. Aina ya pili ni rasta, yaani picha iliyogawanywa katika miraba midogo, kila mmoja na thamani yake: picha ya setilaiti, miinuko ya ardhi, au ramani ya karatasi iliyoskaniwa. Matabaka haya hupangwa moja juu ya jingine, na kinachoyashikanisha ni koordineti peke yake, yaani namba zinazotaja mahali.

Mfumo wa kwanza wa namna hii ulijengwa Kanada katika miaka ya 1960, chini ya Roger Tomlinson, ili kuorodhesha ardhi ya nchi na matumizi yake. Asili hiyo inaeleza mengi. Waliobuni kifaa walikuwa wanashughulika na dunia ya wakati wao, ambako mpaka unajulikana, mahali pana jina moja, na ukiwa na shaka unamtuma mpima akaangalie. Mwanahistoria hana wa kumtuma.

Mstari mmoja wa jedwali

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa aina ambayo aliyewahi kusoma rejista za makanisa ya Uingereza ataitambua. Karani ameandika kwamba tarehe 12 Februari 1743 alizikwa msafiri asiyejulikana jina, aliyetoka upande wa pili wa mto. Basi, hakuna kingine. Sentensi hiyo inatakiwa kuwa mstari mmoja kwenye jedwali.

Tuanze na tarehe. Mpaka 1752 Uingereza ilikuwa ikifuata kalenda ya Juliasi, na mwaka wake wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari aliyoiandika karani kuwa ya 1743 kwetu ni Februari ya 1744, na tarehe 12 ni tarehe 23 kwa kalenda ya Gregori. Ukilinganisha maziko hayo na tukio la Ufaransa, nchi iliyohamia kalenda mpya tangu 1582, bila kufanya hesabu hiyo utakuwa umekosea mwaka mzima na ushei. Halafu kuna Excel, ambayo haitambui tarehe yoyote iliyo kabla ya 1 Januari 1900. Ukiiandikia tarehe ya 1744 inaichukua kama maneno tu, na siku utakapotaka kupanga matukio yako kwa kufuatana, mpangilio utakushangaza. Dawa ni rahisi: mwaka, mwezi na siku vikae katika safu tatu tofauti, kila kimoja kama namba, na pembeni yake iwepo safu ya nne yenye tarehe kama karani alivyoiandika. Kama chanzo kinasema tu "wakati wa vita" au "kabla ya mavuno", unahitaji safu mbili: tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, na ya mwisho kabisa.

Sasa mahali. "Upande wa pili wa mto" panaweza kuwa na vitongoji viwili, vitatu. Anayeanza huchagua kimoja, anabofya, na programu inamrudishia koordineti zenye tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya sita ni sawa na sentimita 11. Jedwali sasa linadai kujua makazi ya mtu asiye na jina kwa usahihi wa kiganja cha mkono. Programu haikudanganya, iliulizwa mahali ikajibu mahali. "Labda" haina pa kukaa kwenye nukta, ni lazima uitengenezee safu yake: kiwango cha uhakika, kwa mfano kuanzia 1 hadi 4, au upana wa shaka kwa kilomita. Wengine huacha nukta kabisa na kuchora poligoni ya eneo lote linalowezekana. Hilo ni la haki zaidi, japo linachosha.

Mwisho wa zoezi, sentensi moja ya karani imezaa safu kumi na kitu: maneno ya chanzo, jina la mahali kama lilivyoandikwa, jina ulilolitambua wewe, sababu ya kulitambua hivyo, koordineti, uhakika, tarehe za aina zote, na namba ya ukurasa wa rejista. Kanuni inayozilinda zote ni kutochanganya kamwe kilichosemwa na chanzo na kilichokisiwa na mtafiti. Kanzidata ya SlaveVoyages, yenye safari zaidi ya 36,000 za meli zilizobeba watumwa kuvuka Atlantiki, imejengwa juu ya kanuni hiyo. Mambo yaliyotoka kwenye nyaraka yana safu zake, na yale yaliyokadiriwa na wahariri, kama idadi ya watu waliopakiwa pale nyaraka ziliponyamaza, yana safu zake. Msomaji asiyekubaliana na makadirio anaweza kuyaweka kando na kubaki na nyaraka.

Majina ya mahali yanastahili darasa zima. Kuna mahali pamoja penye majina mengi: Saint Petersburg iliitwa Petrograd mwaka 1914, Leningrad mwaka 1924, kisha ikarudia jina lake 1991. Kuna pia jina moja lenye mahali pengi, na hapa ndipo kutafuta koordineti kwa njia ya otomatiki kunapoumiza. Iambie mashine ikutafutie "Boston" kwenye barua ya karne ya 16 na kuna uwezekano mkubwa ikupeleke Massachusetts, mji ulioanzishwa 1630, wakati mwandishi alikuwa anazungumzia Boston ya Lincolnshire, Uingereza. Ndiyo maana jedwali zuri haliishii kwenye jina. Hubeba pia namba ya utambulisho kutoka kwenye orodha inayotambulika ya majina ya mahali: Pleiades kwa dunia ya kale ya Mediterania, au World Historical Gazetteer kwa upana zaidi. Jina linaweza kuandikwa vyovyote; namba inabaki ile ile.

Kuifunga ramani ya kale

Hiki ndicho kipindi ambacho washiriki hukipenda kuliko vyote, na wana haki. Ramani ya karatasi ikishaskaniwa ni picha tu, programu haijui kaskazini yake iko wapi. Kuifunga kwenye koordineti ni kuionyesha vituo vinavyoonekana kwenye ramani ya kale na vilevile kwenye ya leo: mnara huu hapa ndio ule pale. Vituo vitatu vinatosha kwa hesabu nyepesi, ile inayosogeza, kuzungusha na kuvuta karatasi nzima kwa pamoja. Hesabu ya daraja la pili, inayoruhusu karatasi kupindika, inadai angalau sita; ya daraja la tatu, inayoipinda zaidi, kumi. Lakini idadi si kila kitu. Vituo kumi na tano vilivyotawanyika mpaka kwenye kingo za karatasi vina faida kuliko hamsini vilivyorundikana katikati ya mji.

Kuchagua kituo ni kazi ya historia hata kabla ya kuwa kazi ya kompyuta. Kona ya kanisa la mawe ambalo halijabomolewa ni kituo kizuri. Njia panda inafaa, ilimradi una ushahidi kwamba barabara haikuhamishwa. Daraja lina mtego wake: Daraja la London lililofunguliwa 1831 lilijengwa umbali wa mita kama 30 kutoka lilipokuwa la enzi za kati, upande wa juu wa mto, na jina likabaki lile lile. Kona za mto na fukwe za bahari ziache kabisa kama una njia nyingine, maana maji hayakai mahali pamoja kwa karne mbili.

Ukimaliza, programu inakupa kosa la wastani, yaani umbali kati ya mahali vituo vyako vilipoangukia na mahali vilipotakiwa kuwa. Washiriki huanza mashindano ya kulipunguza, na hapa mwalimu asinyamaze. Kosa dogo halithibitishi kwamba ramani imekaa sawa. Kuna hesabu inayoivuta karatasi kama mpira mpaka kila kituo kiangukie pale pale ulipokitaka, na kosa linasoma sifuri. Sifuri hiyo haikuambii lolote kuhusu yaliyo kati ya kituo na kituo, ambako huenda barabara iliyonyooka imejipinda na uwanja wa mraba umekuwa yai. Kipimo cha kweli ni kuweka pembeni vituo vichache ambavyo hukuvitumia, kisha uone vimeangukia wapi.

Kuna pia skeli. Kwenye ramani ya 1:50,000 milimita moja ni mita 50. Kwenye ya 1:1,000,000 ni kilomita nzima, kwa hiyo mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita umefunika mita 500 za nchi. Ukichora mpaka kutoka kwenye ramani kama hiyo, halafu ukauliza kama nyumba fulani ilikuwa ndani au nje, jibu utakalopewa halina maana, ingawa litatolewa kwa kujiamini kabisa.

Ramani ya Ufaransa ya familia ya Cassini, iliyotengenezwa katika karne ya 18 kwa skeli ya 1:86,400, ni mahali pazuri pa kuyaona yote haya kwa pamoja. Longitudo zake zinahesabiwa kutoka Paris, si Greenwich. Tofauti ni digrii 2, dakika 20 na sekunde 14, na asiyeijua ataisogeza nchi nzima kiasi cha kilomita 170 kwa latitudo ya Paris penyewe. (Greenwich ilikubaliwa kuwa mstari mkuu katika mkutano wa Washington mwaka 1884 tu, na Ufaransa haikuharakisha kuufuata.) Ukishairekebisha hiyo, minara ya makanisa inakaa vizuri ajabu, kwa kuwa ilipimwa kwa pembetatu, yaani kwa kupima pembe kutoka mnara hadi mnara. Vijia na kingo za misitu vilivyo kati ya minara vinayumba, kwa sababu mengi yalichorwa kwa kukadiria kwa macho.

Kwa mhandisi kuyumba huko ni kero ya kuondoa. Kwa mwanahistoria ni ushahidi. Ramani ikiwa sahihi kandokando ya barabara kuu na ovyo kabisa kilomita tano ndani, umejua mpima alipita wapi na wapi aliwauliza watu tu. Ramani ya mkoloni inayoonyesha mito yote ya pwani kwa makini na bara ikiwa na milima ya kubuni inaeleza mamlaka yake yaliishia wapi. Mshiriki akiinyoosha ramani mpaka makosa yote yafutike, atakuwa ameyafuta na hayo.

Mipaka isiyotulia

Sensa ya kale inahesabu watu kwa parokia, kwa wilaya, kwa tarafa. Miaka kumi baadaye wilaya imegawanywa, nyingine imemezwa na mji. Ukitaka kusema idadi ya watu iliongezeka, kwanza useme ni watu wa wapi. Mradi wa Great Britain Historical GIS, ulioanza katika miaka ya 1990 na ambao makao yake ni Chuo Kikuu cha Portsmouth, ulilazimika kujenga historia ya mipaka yenyewe kabla ya kuweka takwimu hata moja ndani yake: mpaka huu ulianza lini, ulikoma lini, na nini kilichukua nafasi yake.

Nchini Uchina jambo lilikuwa gumu zaidi. China Historical GIS, kazi ya pamoja ya vyuo vikuu vya Harvard na Fudan iliyozinduliwa 2001, inashughulikia kipindi cha kuanzia mwaka 221 kabla ya Kristo mpaka 1911. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hakuna anayejua mstari kamili wa mpaka wa wilaya fulani, ila makao ya wilaya yanajulikana. Kwa hiyo wilaya nyingi zimewekwa kama nukta yenye tarehe ya kuanza na ya kukoma. Wanaozoea ramani za kisasa huona huo ni upungufu. Kwa maoni yangu ni mfano wa kuigwa: wamechora wanachokijua, wakaishia hapo.

Anayelazimika kulinganisha sensa mbili zenye mipaka tofauti ana njia mbili. Anaweza kuigawanya idadi kwa ukubwa wa eneo: ikiwa asilimia 40 ya ardhi ya wilaya ilihamishiwa kwingine, basi asilimia 40 ya watu wanahesabiwa wamehama nayo. Hesabu hiyo inachukulia kwamba watu wametandazwa sawasawa juu ya ardhi, mlimani na bondeni. Njia ya pili ni kuziunganisha wilaya mpaka zipatikane kanda kubwa ambazo mpaka wake wa nje haukubadilika kipindi chote. Unapoteza undani, lakini hukubuni mtu hata mmoja. Mimi huipendelea ya pili, hasa kwa anayeanza.

Mitego ya siku ya pili

Haya tuyapite haraka, kwa kuwa kila mwalimu anayajua na kila mshiriki atayapata hata akionywa. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, miji yako itahamia bara jingine. Zikiwa tupu na programu ikazisoma kama sifuri, zote zitarundikana baharini katika Ghuba ya Guinea. Ukituma faili moja tu la shapefile, muundo wa zamani wa kuhifadhi data za ramani, bila wenzake wa pembeni, mpokeaji hataona kitu, na majina ya safu zake yatakuwa yamekatwa kwenye herufi ya kumi. GeoPackage, muundo mpya zaidi, haina usumbufu huo. Na ukiomba duara la umbali wa 5 kuzunguka kila soko wakati tabaka lako limepimwa kwa digrii, utapewa digrii 5, yaani zaidi ya kilomita 500. Angalau kosa hilo linaonekana kwa macho. Lisiloonekana ni la kulinganisha ukubwa wa maeneo kwenye projeksheni (namna ya kuulaza uso wa mviringo wa dunia juu ya bapa) ya ramani za intaneti, ambayo kwa latitudo 60 hulikuza eneo takriban mara nne.

Ramani inajibu nini

Mfano usiokosekana katika kozi yoyote ni wa daktari John Snow na kipindupindu cha Soho, London, mwaka 1854. Husimuliwa kwamba alichora ramani ya vifo, akaona vimezunguka pampu ya Broad Street, na fumbo likafumbuka. Mfuatano wake hasa ulikuwa mwingine. Snow alikuwa tayari anashuku maji. Alichukua orodha ya vifo, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza familia zilichota wapi, na mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba. Ramani yake maarufu ilikuja baadaye, kwa ajili ya kuwashawishi wengine.

Ushahidi wake mzito zaidi unatoka kwa wale walioivunja picha ya ramani. Palikuwa na nyumba ya maskini karibu na pampu yenye watu 535; walikufa watano tu, kwa kuwa nyumba ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa mtaa huo huo wa pampu hawakufa kabisa. Na mjane mmoja alikufa Hampstead, mbali na Soho, nje kabisa ya karatasi, kwa sababu aliyapenda maji ya Broad Street na alikuwa akiletewa. Mashine ukiipa nukta hizi, itakuambia zimekusanyika wapi. Kumuuliza mtoto wa mjane mama yake alikunywa nini ni kazi iliyobaki kwa mtafiti, na mafunzo yanayomtaja Snow bila kuitaja sehemu hiyo yanafundisha nusu ya habari.

Wapo waliopata majibu ambayo bila GIS yasingepatikana. Mwanajiografia Anne Kelly Knowles alitaka kujua Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliweza kuona nini katika mapigano ya Gettysburg, Julai 1863. Alitengeneza mfano wa miinuko kwa kutumia ramani ya kina ya uwanja huo ya mwaka 1874, akaipa programu kazi ya kuhesabu kinachoonekana kutoka sehemu aliposimama jenerali. Ilibainika kwamba sehemu kubwa ya majeshi ya adui ilikuwa imefichwa na vilima. Hoja ya muda mrefu kuhusu uamuzi wa Lee wa kushambulia ikapata kitu kipya cha kushika, ingawa moshi wa mizinga haumo kwenye hesabu. Mwanahistoria Geoff Cunfer naye alichukua takwimu za kilimo za mamia ya kaunti za nyanda za kati za Marekani, akazilinganisha na dhoruba za vumbi za miaka ya 1930. Maelezo yaliyozoeleka yaliwalaumu wakulima kwa kulima ardhi kupita kiasi. Cunfer alikuta vumbi lilitimka hata kwenye kaunti ambazo nyasi zake nyingi hazikuguswa na jembe, na kwamba ukame ulieleza mengi kuliko kilimo. Hoja hiyo isingejengwa kwa kusoma kijiji kimoja kimoja.

Ila kaunti si mtu, na hapa ndipo watafiti makini kabisa hujikwaa. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alirudi kwenye sensa ya Marekani ya 1930. Alikuta kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi ndiyo yaliyokuwa na wasiojua kusoma wachache. Ungeshawishika kusema wahamiaji walikuwa wasomi. Alipowaangalia watu mmoja mmoja, ikawa kinyume: aliyezaliwa nje alikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma. Wahamiaji walikuwa wamekwenda kuishi kwenye majimbo ambako wenyeji walisoma sana. Ramani yenye rangi kwa kila jimbo ingelionyesha lile la kwanza vizuri sana na kulificha la pili.

Tatizo lina pacha wake. Mwaka 1979 wanajiografia Stan Openshaw na Peter Taylor walizichukua kaunti 99 za Iowa, jimbo la Marekani, wakazipanga upya katika makundi ya kila namna, na uhusiano kati ya wingi wa wazee na kura za chama cha Republican ukageuka kutoka mkubwa upande mmoja hadi mkubwa upande wa pili, data zikiwa zile zile. Mpaka aliouchora ofisa wa kale kwa sababu za kodi unaweza kuamua matokeo ya utafiti wako.

Kozi ya kuchagua

Kwa hayo yote, kozi ninayoiona inafaa haianzi na programu. Inaanza kwa kumtaka kila mshiriki aje na kurasa chache za chanzo chake mwenyewe na swali moja linalohusu mahali, kisha inamkalisha ajenge jedwali kwa mkono. Kama kuna siku tano, mbili za kwanza ziishie hapo. Ramani ya kale ichukue siku ya tatu, mipaka na projeksheni ya nne. Ya mwisho iwe ya kuuliza maswali, pamoja na lile la kama swali lako linahitaji ramani kweli. Maswali mengine yanajibiwa na grafu ya kawaida, na si aibu kuligundua hilo siku ya tano.

Programu yenyewe isikunyime usingizi. QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inatosha kwa kila kilichotajwa humu. ArcGIS ni nzuri kwa ambao chuo chao kimeshalipia leseni. Leseni ikiisha, mafaili yako ya mradi hayatafunguka kirahisi. Anayejifunza peke yake ana masomo ya bure ya Programming Historian, yaliyoandikwa na wanahistoria kwa ajili ya wanahistoria, na makusanyo makubwa ya ramani za kale kama la David Rumsey kwa ajili ya mazoezi. Kabla ya kulipia kozi yoyote, waulize waandaaji mambo mawili: nitafanyia kazi data zangu au zenu? Na nikikwama mwezi ujao, namwandikia nani? Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, masomo ya bure yanakutosha.

Kuna somo moja ambalo karibu halimo kwenye ratiba yoyote, nalo ni la nini kisichapishwe. Makaburi yasiyolindwa, maeneo ya ibada, magofu ambayo hayajachimbuliwa: koordineti zake zikiwekwa hadharani, wa kwanza kuzitumia anaweza kuwa mwizi wa mali za kale. Kwa maeneo hayo koordineti kamili huachwa kwa wahifadhi na wenyeji, na kwenye ramani ya umma nukta hubadilishwa kuwa mraba wa kilomita kadhaa, huku maelezo ya jedwali yakisema wazi kwamba imefanywa hivyo na kwa sababu gani.